Mume wangu amekataa safari ya siku tano ng'ambo. Je, amenichoka?

*Shangazi, nimenunua tiketi za kwenda ng'ambo na mume wangu tusherehekee miaka kumi ya ndoa. Tunaondoka Jumatano saa 12 jioni na kurudi Jumapili usiku. Kila upande ni saa 17 pamoja na kubadili ndege, na kule wametutangulia kwa saa 8. Amegoma. Anasingizia mguu uliowahi kuganda damu, eti na safari iliyopita alichoka. Shoga yangu na mumewe husafiri hivi kila mwaka na picha zao zinapendeza. Huyu ni bahili au hanipendi?*

Pole, mwanangu, kukataliwa zawadi kunauma. Ila zawadi gani hiyo mwenzako hakuulizwa hata tarehe? Kosa ni lako, na mkwe wangu ana haki ya kugoma.

Nianze na mguu ulioupitisha kwa nusu mstari. Ukikaa saa nyingi umekunja magoti, misuli ya mashavu ya miguu haisukumi damu kurudi moyoni. Damu hutuama na inaweza kuganda, na bonge likikatika likapanda mapafuni, linaweza kuua. Hatari huongezeka kwa safari zinazozidi saa 4, na kwa aliyewahi kuganda damu ni kubwa zaidi. Wewe unampa saa 17, kisha 17 nyingine kabla siku tatu hazijatimia! Hapo hasingizii. Amwone daktari kwanza, ndiye aamue kama ni soksi za kubana au dawa ya kuzuia damu kuganda. Usimpe aspirini kwa kubahatisha. Akiruhusiwa, mkatie kiti cha pembeni mwa njia, ainuke kila baada ya saa moja au mbili, na asinywe dawa ya usingizi itakayomlaza bila kujigeuza.

Sasa hizo siku tano zako. Mtatua Alhamisi saa 1 usiku kwa saa za huko. Jumapili asubuhi mko tena uwanjani. Mmebakiwa na Ijumaa na Jumamosi, basi. Na mwili hujirekebisha kwa takriban saa moja kwa siku, tena kuelekea mashariki ndiko kugumu zaidi. Saa 6 mchana ya huko, miili yenu itadhani ni saa 10 alfajiri. Ndiyo maana mumeo "alichoka" safari iliyopita. Nawe ukamnunia, sina shaka. Na msikurupuke asubuhi kuota jua: Ijumaa, mwanga mkali kabla ya saa 7 mchana utausukuma mwili kinyume na mnakotaka uende. Tafuteni jua alasiri.

Shoga yako anakuonyesha picha, hakuonyeshi saa 9 za usiku anapokodolea dari macho makavu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndoa za siku hizi zimekuwa za kutazamwa: mtu anamburuta mwenziwe nusu ya dunia ili watu wa nje waone wanapendana, na humo ndani hawajaulizana hata "umeamkaje?" Mume anayesema "mguu wangu" anaomba kusikilizwa, wewe ukasikia ubahili.

Kuna jambo jingine linanitia wasiwasi. Umesema umenunua "tiketi", hukusema kama safari nzima iko kwenye tiketi moja. Kama umeunganisha tiketi mbili za mashirika tofauti ili upunguze gharama, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili hulidai wala halikujui. Litawahesabu kuwa hamkutokea, na mara nyingi hata safari ya kurudi kwenye tiketi hiyo hufutwa. Mizigo nayo huenda mkalazimika kuitoa na kuikabidhi upya njiani, na hapo baadhi ya nchi zitawataka muwe na viza ya kuingia. Angalia na pasi zenu: nchi nyingi hutaka ziwe na angalau miezi 6 mbele.

Leo jioni mwombe radhi, bila "lakini". Kesho pigia shirika simu uulize ada ya kubadili tarehe, maana kufuta kabisa huenda kukala nauli yote. Daktari akikubali, ombeni likizo ya siku kumi au zaidi. Akikataa, mwachie mumeo achague pa kwenda, pawe pa saa mbili tatu kwa ndege, ukanda uleule wa saa, nawe ufuate.