Picha zangu zote zinaishia kuwa tope

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwaka wa pili sasa nachora picha dhahania, za maumbo na rangi tu zisizoonyesha kitu halisi, kwa rangi za akriliki. Siandai mchoro wala sipangi rangi. Nasimama mbele ya turubai na kuufuata mkono. Dakika ishirini za mwanzo picha hupendeza, kisha yote hugeuka rangi ya tope. Rafiki yangu anasema ndiyo malipo ya kuchora bila mpango. Je, ni kweli?
Mfuata Mkono

JIBU: Marahaba, Mfuata Mkono. Rafiki yako tope ameliona, ila lilikotoka hakukujua. Limetoka kwenye haraka. Ukipaka kijani juu ya nyekundu mbichi, tena kwa brashi ileile, lazima zilane. Buluu na rangi ya chungwa vivyo hivyo. Mkono wako haukukosea kutaka kijani. Wewe ndiye hukuisubiri nyekundu ikauke, na tabaka jembamba la akriliki halimalizi hata nusu saa.

Mimi pia huanza bila mpango. Naweka waa moja popote, mara nyingi baya, kisha nakwenda kukaa kwenye kiti. Sitanii: kiti ndicho kinachokula muda wangu mwingi. Wiki iliyopita nilikuwa na turubai yenye buluu nzito, na kwenye kona ya chini pinki ya ukubwa wa kiganja iliyonikera siku mbili. Nikaikwangua kwa kisu. Pinki iliyosalia katikati ya nyuzi za turubai, nyembamba kama vumbi, ndiyo sasa inaishikilia picha nzima. Hiyo ningeipangaje?

Kandinsky, mchoraji Mrusi aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa picha dhahania, aliwahi kusimulia, katika kumbukumbu zake za mwaka 1913, jinsi alivyoingia chumba chake cha kazi jioni giza likianza, akakuta picha nzuri ajabu asiyoitambua, maumbo na rangi tupu. Kumbe ni yake mwenyewe, imeegeshwa kwa ubavu. Tangu nisome hilo, kila picha naigeuza juu chini kabla sijaongeza kitu. Jicho likishindwa kutafuta "hiki ni nini", huanza kuona uzito umeelemea wapi.

Lakini usimtumie Kandinsky kama kisingizio, maana wengi humtumia. Mwaka huohuo alichora Composition VII, turubai ya mita mbili kwa tatu, kwa siku chache tu za Novemba. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza michoro ya maandalizi zaidi ya thelathini. Franz Kline naye, mchoraji Mmarekani wa picha dhahania, ambaye mipigo yake mikubwa myeusi unaweza kuapa ameitupa kwa pumzi moja, mingi aliijaribu kwanza kwenye vipande vidogo vya karatasi, vingine kurasa za kitabu cha simu. Mkono wao ulikuwa huru ulipofika kwenye turubai kwa sababu ulishahangaika kwingine. Nawe hangaika kwenye karatasi za bei rahisi.

Kwa mwezi mmoja tumia rangi tatu na nyeupe, basi. Brashi moja ya rangi za joto kama nyekundu na chungwa, nyingine ya rangi za baridi kama buluu na kijani, na maji ubadilishe kabla hayajawa kama chai. Dakika ishirini zikifika, hata kama mkono unawasha, igeuzie picha ukutani hadi kesho. Mimi ninazo tatu zilizogeukia ukuta sasa hivi, na moja naiogopa.