Boksi la postikadi za ukoo: anza na upande wa anwani, picha baadaye

Mkuu, umeuliza uanzie wapi na boksi la postikadi alilotunza shangazi wa baba yako: kadi kama sitini, baadhi hazina tarehe, baadhi ziko kwa lugha usizozisoma, na ndugu wanataka kujua ukoo ulipitia wapi. Jibu litakuwa refu, maana kazi hii huharibikia mwanzoni, kabla mtu hajasoma hata mstari mmoja.

Kwanza shika hili: postikadi inamthibitisha zaidi aliyepokea kuliko aliyetuma. Anwani iliyoandikwa ni ya mpokeaji, na kadi kubaki ndani ya boksi ni dalili kwamba ilimfikia. Mtumaji anaweza kuwa likizoni, melini au anasubiri treni, na mara nyingi anasaini jina la utani au herufi moja tu. Watu wengi huenda kinyume: wanaona picha ya mji, kesho yake mti wa ukoo unasema babu aliishi huko. Picha ni bidhaa iliyonunuliwa dukani, basi.

Sasa boksi lenyewe. Usimwage kadi mezani na kuzipanga upya kwa uzuri. Piga picha boksi lilivyo, kila furushi lilivyofungwa na kila ukurasa wa albamu, kwa sababu kadi zilizofungwa pamoja mara nyingi zilitoka kwa mtu mmoja au zilikwenda kwa mtu mmoja. Zipe namba kwa kufuata mpangilio huohuo: A-01, A-02, furushi la pili B-01. Ukilazimika kuandika kwenye kadi, tumia penseli laini ya 2B, kwa wepesi, kwenye kona ya nyuma. Kalamu ya wino hapana. Mikono safi na mikavu inatosha kwa kadi za kuchapwa, ila kwa kadi za picha halisi (zilizosafishwa kama picha za kamera, si kuchapwa kiwandani) vaa glavu za nitrili, maana mafuta ya vidole huacha alama kwenye uso wa picha.

Zilizogandishwa kwenye albamu usizivute wala kuzifukiza kwa mvuke. Kona ikiwa imelegea, pitisha uzi mwembamba wa kusafishia meno kati ya kadi na karatasi, polepole, kama unakata kwa msumeno. Ikigoma, iache na uipige picha hapohapo. Stempu nazo zisibanduliwe kwa ajili ya kuona kilicho chini yake. Stempu na muhuri uliogongwa juu yake ni ushahidi mmoja, ukivitenganisha umepoteza tarehe.

Skani pande zote mbili, hata kama nyuma ni patupu. Dpi (nukta kwa inchi) 600 kwa rangi, hifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopoteza ubora, kisha toa nakala nyepesi za JPEG za kuwatumia ndugu. Kadi ya zamani ya sentimita 9 kwa 14 itakupa kama pikseli 3300 kwa 2100, faili la MB 21 hivi. Muhuri uliofifia uskani peke yake kwa dpi 1200. Zima kila kitu kinachojiita maboresho ya moja kwa moja: programu hufuta madoa, na pamoja na madoa hufuta nusu ya muhuri. Majina ya mafaili yawe mepesi, A-01_mbele na A-01_nyuma. Kama mwenye boksi hataki litoke nyumbani, na ana haki hiyo, simu inafaa: mwanga wa mchana kutoka pembeni, bila flashi, kamera ikiwa sambamba na kadi.

Wino wa kahawia uliopauka hujitokeza ukifungua picha kwenye programu ya kuhariri na kutazama chaneli (tabaka la rangi) ya bluu peke yake. Maandishi ya penseli yaliyofutika huonekana ukimulika tochi kutoka ubavuni, karibu usawa wa meza, kwa sababu ncha iliacha mifereji kwenye karatasi. Kuna penseli za zamani ambazo zikipata maji hugeuka zambarau na kusambaa, kwa hiyo usifute kadi yoyote kwa kitambaa kibichi.

Kwenye tarehe ndiko wengi hujikwaa. Postikadi rasmi ya kwanza ilitolewa na Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Kwa miaka mingi upande wa nyuma ulikuwa wa anwani tu, ndiyo maana kadi za zamani zina ujumbe uliobanwa pembeni mwa picha. Mstari wa kugawa nyuma sehemu mbili, ujumbe kushoto na anwani kulia, uliruhusiwa Uingereza 1902, Ujerumani 1905 na Marekani Machi 1907. Kadi ya Marekani yenye mstari huo kwa kawaida haijachapwa kabla ya 1907. Kinyume chake hakisimami: kadi isiyo na mstari inaweza kuwa ilikaa dukani au kwenye droo ikaja kutumwa 1912. Muundo wa kadi unakupa tarehe ya mapema zaidi inayowezekana, siyo siku iliyotumwa.

Gharama ya stempu husaidia pale muhuri unaposomeka nusu. Uingereza kadi ilitumwa kwa nusu peni hadi Juni 1918, ikapanda kuwa peni moja. Marekani ilikuwa senti 1, ikawa senti 2 kuanzia Novemba 1917 hadi Juni 1919, ikarudi. Fedha iliyochapwa kwenye stempu nayo husema: stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani zilikuwa za "pesa", jina la sarafu ya wakati huo, na kuanzia 1905 zikatoka za sarafu nyingine, heller.

Muhuri una mitego yake. 3.4.09 ni Aprili katika sehemu kubwa ya Ulaya, lakini kwenye tarehe aliyoandika Mmarekani kwa mkono inaweza kuwa Machi. Baadhi ya nchi huandika mwezi kwa namba za Kirumi. Urusi ilitumia kalenda ya Julian hadi mwanzoni mwa 1918, siku 13 nyuma katika karne ya 20, kwa hiyo kadi iliyotoka nje kwenda Urusi inaweza kuonekana imefika kabla ya kutumwa. Ikiwa na mihuri miwili, mmoja ni wa kuondokea na mwingine wa kufikia au wa njiani. Andika yote miwili. Stempu ya nchi moja yenye muhuri wa nchi nyingine, pamoja na neno "Paquebot", maana yake ilipostiwa melini na kugongwa bandarini. Hapo usimpe mtumaji makazi popote. Na maneno "Carte postale" au "Union Postale Universelle" hayamaanishi mtu alikuwa Ufaransa: Kifaransa ndicho kilikuwa lugha rasmi ya Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern 1874, na nchi nyingi zilichapa maneno hayo kwenye kadi zao.

Kadi bila stempu wala alama ya kubanduliwa stempu huenda ilisafiri ndani ya bahasha, au ni ya askari. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa majeshi mengi walituma bure. Tafuta neno "Feldpost" (posta ya jeshi kwa Kijerumani), herufi FPO (posta ya jeshi kwa Kiingereza) na namba ya kikosi. Jeshi la Uingereza lilikuwa na kadi ya fomu A.2042 yenye sentensi zilizochapwa tayari, askari akakata zisizomhusu. Haikubali habari nyingine, ila saini na tarehe zake ni ushahidi kwamba alikuwa hai siku ile. Ukiona alama za kambi ya mateka, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imeweka mtandaoni kumbukumbu zake za mateka wa 1914 hadi 1918, na unaweza kutafuta kwa jina.

Sasa chukua kioo cha kukuzia cha mara 10 uangalie picha. Ukiona vidoti vilivyopangwa, ni ya kiwandani. Kama rangi inapita laini bila vidoti, na sehemu nyeusi kando kando zinang'aa kama fedha, hiyo ni picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya postikadi, na huenda waliomo ni watu wenu. Kodak walitoa kamera ya 3A mwaka 1903, iliyopiga picha za ukubwa wa postikadi, na studio nazo zilitumia karatasi hiyohiyo. Kisanduku kilichochapwa mahali pa kubandika stempu hukadiria umri: AZO, jina la karatasi ya picha, yenye pembetatu nne zinazotazama juu huwekwa 1904 hadi 1918, mbili juu na mbili chini 1918 hadi 1930. Namba ndogo iliyokwaruzwa pembeni huwa ni ya negativu ya studio. Tazama pia kama mtumaji ameweka alama ya X kwenye dirisha au kichwa cha mtu, maana maelezo yake yako nyuma.

Ukishamaliza hayo, tengeneza jedwali. Safu zake: namba, tarehe ya muhuri, tarehe aliyoandika mtumaji, mahali pa muhuri, jina la mpokeaji herufi kwa herufi, anwani, saini, watu waliotajwa, na msingi wa tarehe uliyoweka. Safu ya mwisho usiiruke. "1911, muhuri" na "1911, kwa kukisia kutokana na stempu" haviko daraja moja, na baada ya mwezi hutakumbuka kipi ni kipi.

Panga jedwali kwa mpokeaji, kisha tarehe. Tuseme mtu alipokea kadi anwani ya kwanza Machi 1911, na Septemba 1911 yuko anwani ya pili: amehama ndani ya miezi sita hiyo. Cheo mbele ya jina kikibadilika kutoka cha msichana kuwa cha mke (kama Miss kuwa Mrs), na jina la ukoo likageuka, umepata dirisha la kutafuta ndoa kwenye rejista. Kadi yenye anwani iliyokatwa na nyingine kuandikwa juu yake ni ya thamani sana, inakupa makazi mawili kwa mpigo, na aliyeandika ile ya pili alijua mtu yuko wapi. Kadi zikikoma ghafla usiandike kifo. Mara nyingi walianza tu kuishi pamoja, au kadi zilizofuata ziko kwa ndugu mwingine.

Mwandiko mgumu usomwe kuanzia kwenye anwani. Jina la mji na la mpokeaji unayajua, hivyo chora jedwali dogo la jinsi mwandishi huyo anavyounda kila herufi, ndipo uingie kwenye ujumbe. Kijerumani cha zamani kina hati yake, Kurrent, na baadaye Sütterlin iliyofundishwa shule za Prussia kuanzia 1915. Hata Mjerumani wa leo hukwama. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kinahitaji msomaji anayejua vyote viwili, hati na lugha. Weka [?] pale usiposoma, usijaze kwa kubahatisha. Na anayesaini "shangazi" anaweza kuwa jirani. Subiri hati nyingine iseme.

Ushahidi huo ndio unaupeleka kwenye sensa, rejista za ndoa na vizazi, vitabu vya anwani vya miji na orodha za abiria. FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo, ni bure. Sensa ya Uingereza na Wales ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022, na ya Marekani ya 1950 Aprili 2022. Tafuta kwa anwani pia, maana majina hukosewa zaidi.

Ukikaa na wazee, waonyeshe upande wa picha kwanza, rekodi kwa simu, na usiwatajie tarehe uliyopata. Ukisema 1911, kila kumbukumbu itajipanga kuizunguka. Uliza nani alitunza kadi hizi, nani alizitupa nyingine.

Kuhifadhi: mifuko ya plastiki ya polyester au polypropylene, kamwe ya PVC, ndani ya boksi lisilo na asidi, zikisimama wima bila kubanwa, mbali na joto na unyevu. Usiweke selotepu wala kulamineti. Yenye ukungu itenge na nyingine kabla ya jambo lolote.

Ukikwama kwenye muhuri, weka hapa picha ya nyuma nzima, siyo kipande cha muhuri peke yake, na ufunike majina na anwani za walio hai.