Skripti ya barua pepe ikigoma: lini uende njia ya pili, lini usubiri

Mkuu, umeeleza kwamba skripti yako ya Python inatuma risiti za ada kwa wazazi kupitia SMTP (itifaki ya kutumia barua pepe kutoka seva hadi seva), kuna siku inagoma, na sasa unataka ngazi tatu: SMTP kwanza, ikishindikana sendmail (programu ya kutuma barua) iliyopo kwenye seva, nayo ikishindikana API (mlango wa programu kuongea na programu) ya mtoa huduma mwingine. Kuzipanga try na except, yaani amri za Python za kujaribu na kunasa kosa, ni kazi ya nusu saa. Kinachosumbua ni kujua skripti iamue vipi kwamba njia ya kwanza imeshindwa kweli.

Mimi natunza mfumo wa SACCOS moja unaotuma taarifa za michango kila mwisho wa mwezi. Nilipokabidhiwa ulikuwa na ngazi kama hizo unazotaka, na malalamiko yaliyokuwa yakija hayakuhusu barua zilizopotea. Wanachama walikuwa wanapata taarifa mbili za makato yaleyale, wanapiga simu ofisini wakiamini wamekatwa mara mbili. Mzazi atakayepata risiti mbili za ada moja atakupigia hivyohivyo.

Barua ya pili inazaliwa hivi. Skripti ikimaliza kutuma barua, huweka nukta peke yake kwenye mstari, kisha husubiri seva ijibu 250, yaani "nimepokea". Hapo seva inaweza kuwa imeshaipokea barua ila jibu likachelewa, kwa sababu bado inaikagua virusi na spamu, au mtandao ukakatika kabla jibu halijafika. Skripti inaona kimya, inakata tamaa, inakimbilia njia ya pili. Barua zimeenda mbili. Jambo hili ni la zamani. RFC 1047 ya mwaka 1988 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti) iliandikwa kwa ajili yake. RFC 5321 nayo inashauri mtumaji asubiri jibu la nukta ile kwa dakika 10, wakati skripti nyingi ninazozikuta zimewekewa sekunde chache tu kwa hatua zote. Kwenye smtplib, maktaba ya Python ya SMTP, weka muda mfupi wa kuunganisha, kisha baada ya starttls (kuficha mawasiliano) na login (kuingia kwenye akaunti) urefushe kwa smtp.sock.settimeout(600). Usiuache wazi pia, maana smtplib isipopewa muda inaweza kuganda pale pale.

Kwa hiyo matokeo ni matatu, si mawili: imepokelewa, imekataliwa, na haijulikani. Mawasiliano yakikatika kabla hujaanza kutuma mwili wa barua, nenda njia ya pili bila wasiwasi. Yakikatika baada ya nukta, iandike barua hiyo "haijulikani" na uiache mtu aiangalie kwenye logi (kumbukumbu za matukio) ya seva. Kwa tangazo la kikao ningetuma tena bila kufikiri sana. Kwa risiti ya pesa, situmi.

Kukataliwa nako usikuchukulie kwa jumla. Namba zinazoanza na 4 ni za muda, na zinazoanza na 5 ni za kudumu, ila soma na maelezo yake. 550 5.1.1 maana yake anwani haipo. Kuipeleka kwa njia nyingine ni kuichafulia jina domeini yako bure. 535 ni nywila au akaunti yako kukataliwa, hapo ndipo njia ya pili inakufaa sana. Na kama seva yako inatuma moja kwa moja kwa wapokeaji, 450 au 451 mara nyingi ni seva ya upande wa pili inayomwambia mtumaji isiyemjua arudi baadaye. Inakukumbuka kwa anwani yako ya IP, kwa hiyo ukibadilisha njia unaanza upya kama mgeni. Subiri. RFC 5321 inataka angalau dakika 30 kati ya jaribio na jaribio, na kuvumilia siku 4 hadi 5 kabla ya kukata tamaa.

Kuna mtego mwingine wa smtplib: ukituma kwa watu kadhaa kwa pamoja, kosa linatokea pale tu wote wanapokataliwa. Akikataliwa mmoja, anwani yake inarudi kimyakimya kwenye kamusi ambayo sendmail(), amri ya smtplib na si ile programu ya seva, inakurudishia. Wengi hawaisomi.

Hiyo ngazi yako ya pili, programu ya sendmail, nayo ielewe. Ikirudisha 0 ni kama wakala wa basi kukuandikia risiti ya kifurushi: amekipokea, hajakifikisha Mbeya. Barua iko kwenye foleni, na ikikwama huko ngazi ya tatu haitaamka kamwe. Kwa sababu hiyo mimi nimegeuza mpangilio. Skripti inakabidhi kwa Postfix (programu ya seva ya barua) ya hapohapo, Postfix inapeleka kwa mtoa huduma kupitia poti 587 (poti 25 watoa seva za wingu wengi wameifunga), na njia ya akiba imeandikwa ndani ya Postfix yenyewe kwa smtp_fallback_relay. Kurudia na kusubiri inavijua kuliko msimbo wowote nitakaouandika mimi.

Kama uko kwenye hostingi ya kushirikiana na huruhusiwi kugusa Postfix, tengeneza foleni yako. Barua iandikwe kwanza kwenye folda, kwa jina la muda kisha ibadilishwe jina, ndipo cron (kiendesha kazi kwa ratiba) iichukue, na flock (kufuli ya faili) izuie cron mbili kukutana. Message-ID, yaani namba ya utambulisho ya barua, itengenezwe mara moja tu barua inapoandikwa, na njia zote zitumie hiyohiyo. Ndivyo utakavyoweza kuifuatilia kwenye logi zote.

Usisahau DNS, yaani rekodi za domeini yako. Njia ya akiba ambayo haimo kwenye rekodi ya SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako) wala haina sahihi ya DKIM (sahihi ya kidijitali) ya domeini yako itafanya kazi siku ya dharura halafu barua zote ziishie kwenye spamu, au zikataliwe kabisa. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti hayo. Rekodi ya SPF iwe moja tu kwa domeini, watoa huduma wote waingie humo. Kisha pitisha barua chache za kweli kwenye njia ya akiba kila wiki, usingoje siku ya kwanza iwe siku ya kufunga shule.

Bandika hapa mstari wa kosa kama ulivyo, pamoja na namba zake, ukiwa umefuta nywila na anwani za wazazi. Nikiona ni 535, 451 au muda kuisha, nitakuambia uanzie wapi.