Barista wa kesi za majeraha Uingereza: KC si umri tu

Umeuliza kama barista (wakili anayetetea kesi mahakamani, si yule wa kahawa!) wa kesi za ajali kule Uingereza anakuwa KC (King's Counsel, cheo cha heshima cha mawakili wabobezi) kwa kukaa miaka mingi tu. Hapana, anaomba, na jopo huru huwahoji majaji na mawakili waliomwona kazini. Kabla ya Septemba 2022, Malkia alipokuwa hai, waliitwa QC (Queen's Counsel).

Barista huanza na kesi ndogondogo: magari kugongana, mtu kuteleza dukani. Akikomaa ndipo solisita (mawakili wanaopokea wateja na kuandaa kesi) wanamletea mazito, kama mtoto aliyeumia ubongo wakati wa kuzaliwa. Hapo mara nyingi vita vyenyewe ni vya hesabu kuliko kosa: matunzo ya maisha yote yatagharimu kiasi gani? Serikali huweka kiwango cha punguzo kwa fidia inayolipwa kwa mkupuo, kwa kuwa pesa hizo zinaweza kuwekezwa na kuzaa; kikipanda, fidia inashuka. Kwa England na Wales kilipanda kutoka -0.25% hadi 0.5% Januari 2025, na kwenye kesi kubwa hiyo peke yake inaweza kula malaki ya pauni za fidia. Ndiyo maana mkongwe mzuri wa fani hii anajua hesabu kama mhasibu. Ufasaha mahakamani? Unasaidia, lakini kesi nyingi humalizwa mezani.