Gari la dizeli likichemsha, usianze na hedi

Prado yangu ina injini ya 1KZ-TE, ile dizeli ya lita 3 yenye turbo. Miaka yote ilinibeba vizuri, mpaka siku nilipopita Ruaha Mbuyuni nikashindwa kuvipita vitunguu. Magunia mawili yakaingia nyuma, AC inavuma, nikaanza kupanda mlima Kitonga. Sindano ya joto iliyokuwa imetulia katikati tangu Morogoro ikapanda ndani ya kona mbili hadi karibu na H.

Nilizima AC, nikapunguza mwendo, nikafungua hita mpaka mwisho. Watoto walilalamika, lakini hita nayo ni rejeta ndogo (rejeta ndiyo kipoozeo cha maji ya injini), inapunguza joto la maji. Tulifika Ilula tukiloa jasho, injini ikiwa nzima.

Geji za Toyota nyingi za umri huu zimetengenezwa zisimtishe dereva: joto linaweza kupanda nyuzi nyingi huku sindano ikikaa palepale katikati. Ikianza kusogea, umeshachelewa.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Bosi, 1KZ hedi zake karatasi. Tushushe hedi." Sifa hiyo haikutoka hewani. Hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda za injini, ni ya aluminiamu, bloku ni ya chuma, na vyuma hivyo havitanuki sawa, kwa hiyo injini ikichemka sana hedi hupinda au kupasuka. Ila hedi mara nyingi ndiyo marehemu, si muuaji. Ukifunga mpya ukamwacha muuaji ndani, utarudi gereji.

Kwanza jiulize linachemsha wapi. Likichemsha kwenye foleni kisha likapoa ukishika barabara, shuku feni. Likiwa shwari kwenye foleni halafu likachemsha mlimani au kwenye mwendo mkali, kama langu, shuku rejeta na mzunguko wa maji. Maji yakipungua kila siku na huoni yanapovujia, hapo ndipo hedi na gasketi yake ziingie kwenye mazungumzo.

Hedi niliipima bila spana. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, nilibonyeza mpira wa juu wa rejeta. Ungekuwa bado mgumu baada ya kulala usiku kucha, ningejua moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Ulikuwa laini. Nikafungua mfuniko (injini baridi tu, jamani, ikiwa moto maji yale yanakubabua uso), nikawasha na kutazama. Hakukuwa na mapovu yanayotoka mfululizo. Hedi nikaiacha.

Rejeta ndiyo ilinitia aibu. Kati yake na kondensa ya AC kulikuwa na nyasi, wadudu na matope yaliyokauka kama ukuta wa udongo. Niliiosha kwa mpira wa bustani, maji yakitokea upande wa injini. Mashine ya kuoshea magari usiilete hapo, inalaza mapezi membamba ya rejeta. Kisha kwa kipimajoto cha kumulika nilipima uso wa rejeta kipande kwa kipande: pembeni, chini, palikuwa baridi kuliko kwingine. Maji hayakuwa yakipita huko. Mwenye gari kabla yangu alikuwa akijaza maji ya kisima, na chumvi yake ilikuwa imeganda ndani. Nikanunua rejeta mpya.

Nilipofungua nyumba ya thamostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, sikukuta kitu. Kuna fundi aliitoa zamani, kwa ile imani kwamba nchi yetu ni ya joto, ya nini? Thamostati ya injini hii ina kisahani cha pili chini, kinachoziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Mlimani ndipo unalipia. Ile mpya, iliyoandikwa 82 (nyuzi joto inazofungukia), niliichemsha kwanza kwenye sufuria pamoja na kipimajoto, nikaiona ikifunguka. Mke wangu bado ananidai sufuria.

Klachi ya feni, inayoifanya feni izunguke kwa nguvu injini ikipata moto, nayo ilichoka: injini ikiwa moto na imezimwa, feni ilizunguka kirahisi kwa mkono wakati ilipaswa kukaza. Mfuniko wa rejeta nikabadilisha bila hata kujiuliza, maana presha yake ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema. Nikajaza kulanti (dawa ya kupoozea injini) nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, pua ya gari ikiwa juu ya kilima na hita wazi, mpaka hewa yote ikatoka.

Safari iliyofuata nilibeba magunia matatu. Kipimajoto kidogo nilichofunga kwenye mpira wa juu kilifika nyuzi 96 katikati ya Kitonga, kikarudi 89 kabla ya Ilula. AC ilikuwa inavuma.