Ujumbe wa neva unazimwa na nani?

*Neva ikishatoa kemikali yake kwenye msuli, kemikali ile inaenda wapi? (Mwanafunzi, Bagira)*

Mdogo wangu, walimu wengi wanaeleza ujumbe unavyotumwa, kengele inalia, daftari linafungwa. Kemikali hiyo ni asetilikolini, ambayo mtafiti Otto Loewi aliionyesha kazi yake mwaka 1921 kwa mioyo ya vyura. Kwenye upenyo kati ya neva na msuli kuna kimeng'enya kinachoikata vipande viwili, kolini na asetati. Kimeng'enya kimoja hukata maelfu kwa sekunde. Kolini hurudi ndani ya neva kutengenezewa nyingine. Bila hivyo, ungekunja kidole kushika kalamu ukashindwa kukikunjua.

*Serotonini nayo hukatwa hivyo? (Ibanda)*

Hapana, kemikali hiyo nyingine ya neva hufyonzwa irudi kwenye neva iliyoitoa. Dawa nyingi za sonona huzuia kufyonzwa huko, na nafuu huchukua majuma. Ninyi mnaoziacha siku ya nne mkisema ni bandia, mnanichosha.

*Mtu akinywa dawa ya kupulizia kabichi, tumpe maziwa? (Mama, Kadutu)*

Mara ya ngapi hii? Si maziwa, si mawese, wala msimtapishe. Mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi. Nguo zilizolowa mvueni, ngozi ioshwe kwa sabuni, na anayeosha avae glavu.

Nyingi za dawa hizo hukifunga kimeng'enya nilichomwelezea mwanafunzi. Ujumbe unakosa wa kuuzima: mate, machozi na jasho vinamwagika, mboni zinasinyaa kama tundu la sindano, misuli inachezacheza, kifua kinajaa majimaji, pumzi inakata. Daktari hudunga atropini ili kifua kikauke, na huirudia mara nyingi. Msidhani anatafuta pesa.

Juzi sokoni niliona dawa hiyo ikipimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, imezibwa kwa kipande cha sasheti, imewekwa kando ya lundo la sambaza, wale samaki wadogo. Haina lebo. Mtoto mwenye kiu atajuaje? Muuzaji aliniambia wateja hawana pesa ya kopo zima. Basi wasinunue.

*Mke wangu alidungwa neostigmini baada ya upasuaji. Nasikia inafanya kazi kama sumu hiyo. (Bila jina)*

Umesikia vizuri. Inazuia kimeng'enya kilekile, ila kwa kipimo na kwa muda mfupi, ili misuli iliyolegezwa kwa dawa wakati wa upasuaji iamke. Mara nyingi mtaalamu wa usingizi huidunga pamoja na atropini, ileile ya huyo wa kabichi, moyo usije ukapunguza mwendo.