Kabla ya kutafuta kitabu kingine cha fizikia, tafuta wa kubishana naye

Vijana wa fizikia huniuliza wasome kitabu gani baada ya shahada. Mimi huwauliza: una nani wa kubishana naye?

Nimefundisha miaka mingi nikiwa mwanafizikia pekee kazini. Mlinganyo ukinigomea, unanigomea wiki nzima. Nilipompata mwenzangu wa kupigiana naye simu Jumapili, mambo yakabadilika: namsomea hatua moja moja, naye ananikatiza, "Hiyo alama ya kutoa umeipeleka wapi?"

Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistan, aliuonja upweke huo. Alirudi kufundisha Lahore, Pakistan, mwaka 1951 akitokea Cambridge, Uingereza, akiwa tayari na jina. Mkuu wa chuo akamtaka ashike na kazi ya ziada: kusimamia bweni, kutunza hesabu au kuongoza klabu ya kandanda. Akachukua kandanda. (Ningefanya hivyo hivyo.) Lakini wa kujadiliana naye nadharia za chembe ndogo kabisa za maada hakuwepo, na mwaka 1954 akarudi Uingereza. Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1979, aliyoipata pamoja na Glashow na Weinberg kwa kuunganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu dhaifu ya nyuklia (ile iliyo nyuma ya baadhi ya mionzi), ilitokana na kazi aliyoifanya huko ughaibuni.

Ila kuwa na wenzako si kuwatii. Mwaka 1956 Salam alipendekeza kwamba nyutrino, chembe ndogo mno isiyo na chaji, huvunja ulinganifu wa kushoto na kulia, yaani ile imani kwamba sheria za maumbile hazibagui kati ya kitu na taswira yake kwenye kioo. Rudolf Peierls akalikataa wazo hilo, na Wolfgang Pauli, wote wanafizikia wakubwa wa wakati huo, akamtumia salamu kwamba afikirie kitu bora zaidi. Mwanzoni mwa 1957 jaribio la mwanafizikia Chien-Shiung Wu lilithibitisha kwamba ulinganifu huo kweli huvunjika. Kwa hiyo mkubwa akikwambia hapana, mwombe sababu. Kama hana, endelea na hesabu zako.

Salam hakusahau Lahore. Mwaka 1964 alianzisha ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, mjini Trieste, Italia, na mpango unaomwezesha mtafiti wa nchi maskini kwenda huko kwa wiki au miezi kadhaa, kisha arudi kwao bila kuacha ajira. Kwangu mimi, hilo linaizidi hata Nobel yake.

Basi ukiwa peke yako, anza na mtu mmoja wa simu. Halafu ingia kwenye tovuti ya ICTP, utazame kozi fupi na stashahada yao ya mwaka mmoja kwa wanaojiandaa na uzamivu. Ipo kwa ajili ya watu kutoka nchi kama zetu, na wanaochaguliwa hupewa posho ya kujikimu.